Pazia la Maman Dative na Sambaza za Komiseri

Maman Dative alishamkataza Komiseri Ganza kula majani. Alimkataza kila Jumapili jioni, mkono mmoja kiunoni, mwiko katika mkono wa pili, na Komiseri hakutii hata siku moja, kwa sababu yeye alikuwa ndani ya televizyo na Dative alikuwa nje yake, katika mgahawa wake mdogo kwenye barabara inayoteremka hadi mpaka wa Rwanda na Kongo, pale Rusizi ya kwanza.

"Mumuangalie!" alifoka. "Muntu ameuawa, maiti imelala, mujane analia, na yeye iko nakula salade! Na uma! Sasa akili itatokea wapi? Ku majani?"

"Maman Dative, tuache tusikie," wateja walilalamika.

"Musikie nini? Musikie vile anatafuna kama sungura?"

Hasira hiyo ilikuwa na haki yake. Filamu ile ya polisi ilitolewa kwenye vitabu, na Dative alivijua vitabu kabla televizyo haijavigusa. Si kwamba alivisoma. Shule ya msingi ya Bukavu, alikozaliwa na kukulia, ilimpa Kifaransa cha kusoma karatasi ya dawa na cha kugombana na mtu wa forodha, basi. Msomaji alikuwa Nzigire, mtu wa kabila la Bashi wa ng'ambo, upande wa Bukavu, mchuuzi wa mawese aliyevuka daraja kila asubuhi na bidoni zake, yale madumu ya mafuta. Akisubiri wanunuzi, Nzigire aliketi juu ya bidoni nyuma ya jiko, akasoma kwa Kifaransa na kutoa kwa Kiswahili, huku Dative akichambua sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa Kivu ambavyo wavuvi wa kisiwa cha Nkombo huleta asubuhi vikiwa bado vinang'aa.

Na katika vitabu, Komiseri alikula! Alikula kama mtu. Kulikuwa na kitabu ambamo anakula bugali na samaki kurasa mbili nzima, maiti iko chumba cha pili inapoa, mapolisi wamesimama mlangoni wanatazamana, na mwandishi hana haraka.

"Huyu mwandishi iko na njaa," Nzigire alisema.

"Huyu mwandishi alilelewa muzuri," Dative akajibu.

Na kila mara, kati ya tonge na tonge, Komiseri angesimamisha mkono hewani, bugali imeganda vidoleni, macho yamekodoka. Hapo Dative naye aliacha kuchambua. Hapo alijua kwamba Komiseri amemjua muuaji. Sasa watu wa televizyo wamechukua mwanaume mwenye akili ya tumboni namna hiyo, wakampa majani. Nzigire alidai wanataka akonde ili suti imkae. Dative alisema wao wenyewe ndio wauaji, na wangefaa kukamatwa.

Ndipo habari ikapanda kutoka ziwani kama harufu ya moto: kitabu cha tatu, kile ambamo yote yanatokea Cyangugu, mji huu wetu, kitachezwa hapa hapa. Na katika kitabu hicho Komiseri anaingia mgahawa mdogo ulio karibu na mpaka, anaagiza sambaza, na juu ya sambaza hizo anamgundua mtu aliyemzamisha mwenye mtumbwi.

"Nzigire," Dative alisema. "Mugahawa mudogo karibu na mupaka. Ni miye ule."

"Iko mingine."

"Iko mingine, lakini haina sambaza. Iko na bintu binafanana na sambaza."

Usidhani alitaka sura yake ionekane. Sura yake aliijua, hakuwa na haja ya kuisambaza. Alitaka sahani yake ionekane. Alitaka nchi nzima imtazame Komiseri akila kitu cha kweli, kilichotoka katika kikaango cha Dative, na akili imjie.

Sasa lazima niseme habari ya pazia.

Katika milima hii mtu mzima haonyeshi barabara kinywa chake kikitafuna. Dative hakulijua jambo hilo alipokuja. Bukavu watu hula wanatembea, wanagombana, wanapanga bei, mdomo umejaa. Juma lile wazazi wake waliporudi Rwanda, alinunua hindi la kuchoma akawa anashuka nalo barabarani, anakula kwa raha zake. Shangazi yake alimpiga mkono. "Unaonyesha dunia nzima meno yako?" Hindi likaangukia mtaroni, na mbuzi akalila mbele ya watu wote bila haya.

Dative alijifunza. Alipofungua mgahawa, kitu cha kwanza kutundika hakikuwa jina. Kilikuwa rido, pazia la mlangoni, jeupe, lenye jogoo wawili waliotariziwa na mama yake wakitazamana. Nyuma ya jogoo hao waliingia watu wazito wa Cyangugu: wa ofisi, wa parokia, wa forodha. Wakila, walikula. Walivunja mifupa, walilamba vidole, walipigania kipande cha mwisho. Wakitoka, walikuwa watu ambao hawajawahi kuona njaa. Na Dative hakusema kamwe nani aliingia wala nani alilamba nini.

Mzito kupita wote alikuwa Papa Vénuste, mwalimu wa kwaya. Alikuwa mtoto wa Bukavu kama Dative, amenyonya na sambaza. Lakini alioa Mukamusoni wa kule juu Nkungu, watu wa maharage na viazi, na Mukamusoni hajawahi kuruhusu samaki kuvuka kizingiti chake. Alisema kitu kinachokukodolea macho hata baada ya kuiva si chakula, ni shahidi. Basi Papa Vénuste alikula kwa Dative mchana, akaosha mikono kwa ndimu, akarudi nyumbani jioni kutazama maharage kwa huzuni.

Na Mukamusoni alikaa benchi moja na Dative katika kikundi cha kina mama wa kanisa!

"Bwana yangu anadonoa chakula kama kifaranga," Mukamusoni alimnong'oneza baada ya misa. "Nimeomba. Nimemupatia mubirizi, dawa yote chungu, akunywe. Hapana. Na tena, Dative, mikono yake inanukaka ndimu. Mwanaume gani anarudia nyumbani na mikono ya ndimu? Iko mwanamuke. Nitamupata."

Dative aliangalia viatu vyake na kuviona vizuri sana.

Basi watu wa filamu wakaja. Mkubwa wao alikuwa Uwineza, msichana wa Kigali mwenye miwani na buti kubwa, aliyeamuru wanaume wenye ndevu kubeba waya. Aliinua pazia, akaketi, akaagiza. Alikula sambaza zote, akachovya bugali katika pilipili iliyobaki, akapangusa sahani kwa kidole, akasahau kwamba ana miwani na cheo.

"Ni hapa," alisema.

Dative alijikuna sikio ili asilie.

"Ila hili pazia tutaliondoa. Linaziba mwanga, na ziwa halionekani. Na nyuma ya Komiseri nataka wateja wako wenyewe, wazee wale wale, wakila kama kawaida. Sura za kweli."

Mtu aliyeacha kujikuna sikio ghafla, huyo ni Dative.

"Batakimbia," Nzigire alimwambia jikoni, akicheka mpaka bidoni ikalia chini yake. "Nyinyi Banyarwanda munakulaka kama munaiba! Njoo Bukavu uone batu, muntu anakula ku njia, anakuita, anakupa na mufupa ushikilie!"

"Cheka tu. Rido ikitoka, miye nabakia na nani? Na ikibakia, Komiseri anaenda kula majani yake ku hoteli."

"Chagua basi."

"Sichagui. Nataka byote."

Ndiyo tabia yake, tangu zamani. Alizunguka kwa wazee mmoja mmoja, akabembeleza, akatishia, akawakumbusha sahani zote alizowawekea kichwa cha samaki kilichonona. Kwa Papa Vénuste alikuwa na kazi.

"Utaonekana mugongo tu, Papa."

"Mugongo yangu iko na bibi, Maman Dative. Anaijua."

"Basi nitakuweka ku kona, pembeni ya frigo. Kamera haifike."

"Unaapa?"

"Naapa na kikaango yangu."

Papa Vénuste alifikiri. Alimpenda Komiseri tangu mwanzo, na salade ile ilimuumiza yeye pia. Akakubali.

Siku ya kazi pazia lilishushwa, likakunjwa, likawekwa juu ya frigo. Mgahawa ukabaki uchi. Jua likaingia mpaka chini ya meza, mahali ambapo halikuwahi kualikwa, na barabarani watu wakasimama kutazama, kina mama na mabeseni, vijana wa pikipiki, askari mmoja aliyekuwa na kazi kwingine. Wazee waliketi na makoti ya Jumapili, shingo ngumu. Mchezaji mwenyewe, Mutabazi, anayecheza Komiseri, aliketi katikati. Sambaza zilitoka kwenye mafuta zikilia. Bugali ilifuka moshi. Dative alisimama kando ya jiko, mikono imekunjwa kifuani kama mtu anayesubiri kubatizwa.

"Haya, wazee wangu, kuleni!" Uwineza alisema.

Hakuna aliyekula.

Mikono yote ilikuwa chini ya meza. Mmoja, ambaye Dative alimjua kama mtu wa kumeza sambaza kwa konzi, alizitazama kama wageni anaotajiwa majina. Mwingine alijishika shavu, akajifanya anaumwa jino.

"Hamna njaa?" Uwineza aliuliza.

"Tuko na njaa sana," walijibu kwa adabu.

"Basi kuleni."

"Tutakula," walisema, na hawakujongea.

Wakaanza upya. Wakaanza upya tena. Mutabazi aliinua samaki mmoja, akamfikisha mdomoni, akainua macho, akaona wazee wale wote wamemzunguka, sahani zimejaa, midomo imefungwa. Akamrudisha samaki mahali pake taratibu.

"Siwezi," alisema. Kumbe naye ni mtoto wa milima hii hii. "Hawa ni sawa na baba zangu. Nitakulaje mbele yao, wao hawajagusa?"

"Amelelewa muzuri," wazee walinong'onezana, wakafurahi.

Uwineza alijishika kichwa. "Nimeomba mgahawa, nimepewa matanga! Fungeni vyombo. Tupande hotelini tumpe salade, tumalize."

Lile neno salade lilimchoma Dative mahali palipokuwa bado pazima. Aliangalia sambaza zinazopoa. Aliangalia Papa Vénuste pembeni ya frigo, jasho linamtiririka hadi kwenye kola. Aliangalia jogoo wa mama yake waliokunjwa, mmoja amelaliwa na mwenzake. Akijua vizuri anachokipoteza, alivuta kiti, akapanda, akaanza kutundika pazia.

"Maman, unafanya nini?" Uwineza aliuliza.

"Beba kamera yako, toka inje."

"Nitapiga picha gani huko nje?"

"Piga rido. Komiseri anakuja, anainua rido, anaingia, rido inashuka. Basi. Ukitaka kusikia, sikia. Batu ba hapa banajua nini iko nafanyika nyuma ya rido. Na ba Kigali pia banajua, hapana jifanya. Weye mwenyewe ulipangusa sahani na kidole!"

Wale wenye ndevu wakaangalia chini. Uwineza akacheka. Kamera ikatoka nje.

Mutabazi akaja barabarani kwa mwendo wa Komiseri, akainua jogoo, akaingia. Pazia likashuka.

Halafu, Mungu wangu! Ilikuwa kama bwawa lililobomoka. Meno, mifupa, vijiko, vidole vinavyonyonywa. "Sogeza pilipili!" "Ule ni wangu!" "Papa, acha mutoto wa batu ale!" Mutabazi alikula kama mtu aliyefungwa gereza la salade kwa muda mrefu na leo ameachiliwa. Barabarani kina mama wakashusha mabeseni, wakacheka wakishikana mabega. Kisha ndani kukanyamaza ghafla. Pazia likainuka, Komiseri akasimama mlangoni, mdomo unang'aa mafuta, macho yametulia. Alikuwa amemjua muuaji. Barabara nzima ilipiga makofi.

"Haturudii tena," Uwineza alisema. "Imetosha."

Jioni, Dative aliosha vyombo polepole. "Sambaza zangu hazitaonekana," alimwambia Nzigire.

"Lakini zitasikika, dada," Nzigire akasema, na mara hii hakucheka.

Jumapili ile filamu ilipotoka, mgahawa ulijaa mpaka kwenye jiko. Mlango wa Dative ulionekana, mkubwa, na jogoo wa mama yake wakawa wakubwa kama bata. Komiseri akaingia. Kelele za kula zikajaa nyumba, kila mzee akitafuta sauti ya meno yake. Na hapo, upepo wa ziwa, ule wa alasiri usioalikwa na mtu, ukainua pembe ya pazia. Kidogo tu. Ikaonekana kona ya meza, sahani ya sambaza imenona, mkono unakamua ndimu juu yake.

"Zimeonekana!" watu walipiga kelele. "Maman Dative, zimeonekana!"

Dative alishaanza kuruka. Akatua vibaya. Mkono ule ulikuwa na koti la rangi ya kahawa, na kwenye pindo la mkono wa koti, kati ya vifungo vya kahawa, kulikuwa na kifungo kimoja cha kijani.

Parokia nzima ilikijua kifungo kile. Mukamusoni alikishona mwenyewe kilipokosekana cha kufanana. Papa Vénuste, badala ya kubaki pembeni ya frigo, pazia liliposhuka alihamia meza ya mlangoni kwa furaha na kwa ajili ya hewa. Na sasa hivi alikuwa nyumbani kwake, ameketi kwenye kochi, kando ya mke wake, wanatazama.

Dative hakulala vizuri. Kumpoteza Vénuste peke yake kungevumilika. Lakini rido ikisema jina moja, nani ataamini haitasema la pili? Kesho yake wazee waliingia wakikagua mikono ya makoti yao. Papa Vénuste hakuja.

Siku iliyofuata, mchana umeshatulia na wateja wametawanyika, vidole viwili viliinua pazia kama vinavyoshika nepi. Mukamusoni aliingia, na kitenge cha kanisani, na mwamvuli. Alichungulia jikoni. Alichungulia nyuma ya frigo. Kisha akaketi meza ya mlangoni, mahali pale pale.

"Kifungo ile nilishona miye mwenyewe," alisema.

"Karibu, Maman."

"Kwa nyumba sikusema neno. Nilimuangalia tu, naye aliangalia ukuta. Nakuuliza kitu moja, Dative, weye tunasali pamoja. Mwanamuke iko wapi?"

"Miye sijuake kifungo ya nani," Dative akajibu. "Rido yangu haina mudomo. Lakini mwanamuke hapa ni miye tu, na miye nanukaka kitunguu."

Mukamusoni alimtazama kuanzia kilemba hadi ndala, akaamini mara moja. Dative alishukuru, ingawa angependa afikirie kidogo zaidi.

"Basi leta ile kintu."

"Kintu gani?"

"Ile ya macho."

Dative alikaanga. Akaweka sahani, bugali, ndimu, akarudi nyuma. Mukamusoni alichagua sambaza mmoja, akamshika mkia, akafumba macho yake mwenyewe ili wasitazamane, akang'ata.

Akasimamisha mkono hewani. Macho yake yakafunguka, yakakodoka. Dative alimjua mtu huyo. Alimjua tangu vitabuni.

"Kumbe," Mukamusoni alisema polepole. "Kumbe ni huyu. Ni huyu ameua maharage yangu myaka yote!"

Akamtazama muuaji, akammeza. Akachukua mwenzake. Akavuta pilipili karibu. Waliobaki aliwakamata wawili wawili, bila kufumba macho tena.

"Vénuste asijue," alisema mdomo umejaa.

"Asijue nini?"

"Nimekatazia hii kintu mu nyumba, nimekatazia hata jina yake. Leo nitasema nini?"

Kabla Dative hajajibu, nje kikasikika kikohozi, kile kikohozi cha mwalimu wa kwaya anayetafuta sauti kabla ya kuingia. "Hodi, Maman Dative. Fasi iko?"

Mukamusoni aliganda, mkia umetokeza kati ya midomo.

Dative alifika mlangoni kwa kuruka. Alitoa kichwa peke yake, akalishika pazia chini ya kidevu kama kitambaa cha mtawa, jogoo mmoja kila upande.

"Papa Vénuste, fasi hakuna."

"Hakuna? Nasikia muntu moja tu anatafuna."

"Ni Komiseri. Amerudia. Anataka kula na amani."

Papa Vénuste akajinyoosha. Akaweka koti sawa, akafunika kifungo cha kijani kwa kiganja. "Oh. Basi amalize tu, mukubwa yule," alisema kwa heshima. "Nitangoja hapa." Akaketi juu ya bidoni ya Nzigire iliyoachwa nje, mgongo kwa mlango.

Dative alirudi ndani kwa ncha za vidole. Mukamusoni alikuwa amemaliza kumeza mkia.

"Mulango ya nyuma iko?" alinong'ona.

"Iko. Inapita ku jiko."

"Na ndimu ya mikono?"

"Iko."

Mukamusoni alisukuma sahani mbele, tupu. "Basi ongeza kwanza."